Nimewafungia ndugu mlango kwa ajili ya kemo ya Mama, na sasa kuna harusi

*Assalaam alaykum Bi Mshauri,*

Nina miaka 36, nimeolewa, naishi Mabawa hapa Tanga na mume wangu, mwanangu wa kiume wa miaka sita na mama yangu mzazi. Baba alishatangulia mbele ya haki. Mwaka huu Mama aligundulika ana saratani ya titi. Alifanyiwa upasuaji, na sasa kila baada ya wiki tatu tunakwenda naye Dar kuwekewa dripu za kemo. Zimepangwa sita, ameshapata tatu.

Dripu ya kwanza alitapika, nywele zikakatika, basi. Ya pili ndiyo iliyotutoa roho. Siku ya tisa, mimi nikiwa kazini, Mama alishikwa na homa na baridi. Mama mkubwa, yaani dada yake Mama anayekaa nyumba ya tatu kutoka kwetu, akampa Panadol, akatuma mtoto duka la dawa akanunue dawa ya mseto. Homa ikashuka. Usiku ikarudi, akapewa Panadol nyingine. Niliposema twende hospitali nikaambiwa mseto haujafanya kazi bado, nisiwe na papara. Kesho yake jioni Mama alikuwa anaweweseka, mikono imepoa, anahema kwa haraka. Tukambeba. Hospitali wakapima malaria, hakuna. Wakapima damu, wakasema chembe nyeupe zimeshuka mno na bakteria wameingia kwenye damu. Alilazwa, akachomwa antibayotiki za mshipa, tukakesha pale na kisomo mkononi. Daktari alituambia tungengoja mpaka asubuhi tungekuwa tunazungumza mengine.

Tangu siku hiyo nikaamua. Tuna jirani aliyepandikizwa figo, mtu mstaarabu, akanipa masharti anayoishi nayo: barakoa, hakuna mikusanyiko, hakuna mboga mbichi, wageni wachache, hata balungi haligusi. Nikayachukua yote kama yalivyo. Wanaokuja kumjulia Mama hali nawapokea barazani, nawashukuru, nawaambia amelala. Njiwa wa mume wangu wameondoka. Mwanangu nimempeleka Pongwe kwa bibi yake mzaa baba, kwa sababu shuleni kwao mafua hayaishi. Mama mkubwa nilimwambia asiingie chumbani kabisa, na hilo ndilo lililowasha moto. Anasema nimemwita muuaji. Sikumwita hivyo, lakini pia sikumkatalia.

Dripu ya tatu imepita salama, hakuwa na homa hata siku moja. Daktari alikuwa amepunguza dawa kidogo na kumwandikia sindano za tumboni za siku tano, lakini mimi najua kilichomlinda ni mlango.

Sasa mdogo wangu wa mwisho anaolewa. Mchumba wake anafanya kazi melini, likizo yake ni fupi, na wazee wameshaweka tarehe, ni siku ya Jumamosi. Dripu ya nne imepangwa Jumatano ya wiki inayotangulia. Nimehesabu, harusi inaangukia siku ya kumi baada ya dripu. Ile homa ilikuja siku ya tisa, Bi Mshauri!

Shughuli ni nyumbani kwetu. Harusi za Tanga unazijua. Watakuja watu wa Pangani, wa Muheza, wa Mombasa, na wanawake watajaa uani tangu siku mbili kabla. Mjomba anasema Mama hawezi kukosa harusi ya kitindamimba wake, basi dripu isogezwe wiki moja, kwani saratani haikimbii. Mume wangu anaona Mama ahamishiwe kwa wifi yangu Raskazone siku zote za shughuli, atazame kwa simu. Mdogo wangu analia, anasema afadhali ifungwe nikahi tu na shughuli ivunjwe. Mama mkubwa ametuma ujumbe kwamba mimi ni mlinzi wa jela.

Juzi nilimwambia Mama kwamba nafikiria asihudhurie. Aliniangalia akasema, "Mwanangu, mimi naumwa, sikufungwa." Akageukia ukutani, hakusema neno mpaka Magharibi.

Nikimwachia akapata maradhi, nitamtazama nani usoni? Na nikimzuia, halafu saratani ikaja kumchukua hakuiona harusi ya mwanawe, hilo nitalibeba vipi?

*Binti wa Mabawa, Tanga*

BI MSHAURI ANAJIBU

Wa alaykum salaam, mwanangu. Pole, na hongera. Kumuuguza mzazi, kulea, kwenda kazini, kusafiri Dar na kurudi kila baada ya wiki tatu, na bado ukawa na nguvu ya kuhesabu siku za dripu kwa vidole, ni kazi ambayo watu wa barazani hawaioni.

Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja. Unaogopa maradhi yasimrudie Mama. Una harusi isiyosogezeka, na siku yake imeangukia pabaya. Una ugomvi na mama mkubwa, na ugomvi huo una homa yake wenyewe. Ndani ya yote hayo nimeona jambo ambalo hukuniuliza, nitalifikia. Mimi si daktari wa saratani. Nitakayokueleza kuhusu maradhi ni yale wanayofundisha wanaohudumia wagonjwa hawa, na mengine utayapeleka kliniki kwa mwenye faili la Mama.

Hebu kwanza tuutazame huo mlango unaoamini ndio uliomlinda.

Dawa za kemo hushambulia chembe zinazozaliana kwa haraka. Saratani ni ya namna hiyo, lakini na uboho wa mifupa, unaotengeneza damu, ni wa namna hiyo, na vilevile ngozi laini ya ndani ya mdomo na ya utumbo. Kwa hiyo mambo mawili hutokea kwa pamoja. Chembe nyeupe zinazoitwa nyutrofili, ambazo ndizo hukimbilia bakteria kabla ya wengine, hupungua. Na ukuta wa utumbo na wa kinywa huchubuka. Sasa, kila binadamu, msafi na asiye msafi, anaishi na bakteria wengi tumboni, mdomoni na juu ya ngozi yake. Siku zote hawana madhara, kwa sababu ukuta upo na walinzi wapo. Ukuta ukichubuka na walinzi wakiwa hawapo, haohao wa nyumbani huvuka wakaingia kwenye damu. Sehemu kubwa ya maambukizi ya bakteria yanayowapata wagonjwa wa kemo katika siku za upungufu hutoka ndani ya miili yao wenyewe.

Nimekueleza kwa urefu kwa sababu linagusa mambo mawili uliyoyaandika. Homa ile ya siku ya tisa inawezekana kabisa haikuletwa na mgeni yeyote, wala mafua ya mwanao, wala mkono wa mama mkubwa. Na usalama wa dripu ya tatu huenda haukutokana na mlango peke yake. Umezitaja sindano za tumboni kwa haraka ukazipita. Sindano za aina hiyo, akipewa mtu aliyewahi kupata homa katika kemo, mara nyingi ni za kuuamsha uboho utengeneze chembe nyeupe upesi, ili siku za upungufu ziwe chache. Muulize daktari kama ndizo, na kama atazipata tena safari hii. Ikiwa ni hizo, basi pamoja na kule kupunguziwa dawa, zina sehemu kubwa katika salama unayoishukuru.

Sisemi mlango haukusaidia. Mafua makali, Uviko, tetekuwanga, surua na kifua kikuu huletwa na watu, na kwa mwenye kinga iliyoshuka yanaweza kuwa mazito. Ulichofanya kina maana. Ninachokuomba ni uone kwamba mlango unazuia baadhi tu, na hatari ile iliyokaribia kumwondoa Mama hauizuii kikamilifu, hata ukiufunga kwa kufuli.

Tena hatari ya kemo ina kalenda. Katika kemo nyingi za wiki tatu-tatu, nyutrofili hushuka zikafika chini kabisa kati ya siku ya saba na ya kumi na nne, kisha hupanda, na kufikia wiki ya tatu kwa kawaida zinakuwa zimerudi vya kutosha kupokea dripu nyingine. Kipimo cha picha kamili ya damu huonyesha ziko wapi. Zikiwa chini ya 500 kwa kila maikrolita moja ya damu, ambayo baadhi ya maabara huiandika 0.5, huo ni upungufu mkubwa. Kipimo hiki hakihitaji kupanda basi la Dar, hospitali ya mkoa pale Bombo wanapima.

Na hapa ndipo nataka kumzungumzia jirani yako mstaarabu. Amekupa masharti yake kwa moyo mwema, lakini safari yake si ya Mama. Tangu Muhimbili waanze kupandikiza figo Novemba 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma mwaka 2018, tumeanza kuwa na majirani wa namna hii wengi zaidi kuliko enzi za kulazimika kwenda India. Mwenye figo ya kupandikizwa hunywa dawa za kutuliza kinga kila siku, maisha yake yote maadamu figo ile inafanya kazi, ili mwili usiikatae. Kwake hakuna wiki ya tatu ya kupumua. Miezi sita ya mwanzo ndiyo mizito zaidi, na maradhi anayoyahofia ni pamoja na yale yaliyokuwa yamelala mwilini miaka mingi, kama kifua kikuu na baadhi ya virusi, yakaamka kinga inapotulizwa. Na balungi halimdhuru kwa vijidudu. Lina kitu kinachopandisha kiwango cha baadhi ya dawa zake kwenye damu, kama takrolimasi, mpaka zikawa sumu. Machungwa ya kawaida ya Muheza hayana tabia hiyo. Kwa Mama, muulize daktari kuhusu balungi na dawa zake, lakini usimnyime chungwa. Limenywe tu kwa mkono uliooshwa na kisu safi.

Kwa hiyo umemvika Mama masharti ya mtu wa maisha yote, siku ishirini na moja kati ya ishirini na moja. Je, zile siku za mwisho kabla ya dripu, ambazo chembe zimerudi, hakuna nafasi ya mtu mmoja mzima wa afya kuingia, akakaa naye chumbani dirisha likiwa wazi, wakazungumza? Je, mwanao hawezi kurudi nyumbani siku hizo, akiwa hana mafua, akaosha mikono, akakaa na bibi yake? Hata siku hizo kinga haijawa kamili, sitaki ujidanganye. Hakikisha chanjo za mtoto zimekamilika, maana mtoto aliyekamilisha chanjo ya surua ni nadra kumletea bibi yake surua. Na shuleni kukizuka surua au tetekuwanga, kliniki waambiwe mapema, kabla mtoto hajaumwa, kwa sababu yapo wanayoweza kumfanyia Mama katika siku za mwanzo. Lakini kumweka Pongwe mpaka dripu ya sita kuna gharama yake pia, kwa Mama na kwa mtoto, na gharama hiyo sijaiona kwenye hesabu zako.

Katika jibu hili lote kuna sehemu moja ambayo sitakuachia uchague, nayo ni homa.

Tanga homa maana yake malaria, tumekua hivyo. Kwa mtu wa kemo, homa ni dharura ya saa, hata kama malaria ipo. Nunua kipimajoto, kikae chumbani kwa Mama. Cha kwapani husoma chini kidogo kuliko cha mdomoni, kwa hiyo usikipuuze kikikaribia. Kikisoma 38.3 mara moja, au 38 ikakaa kwa saa nzima, mnaondoka. Panadol haipewi kabla ya kupima, kwa sababu inashusha joto na kuacha bakteria wakiendelea na kazi yao. Ndicho kilichowapata. Na mkiondoka, msielekee stendi. Dar ni kilomita kama 350, na mgonjwa huyu anatakiwa apate antibayotiki za mshipa ndani ya saa moja tangu afike hospitali. Nendeni Bombo, au hospitali yoyote ya karibu yenye daktari usiku, halafu ndiyo kliniki ya Dar ipigiwe simu. Pale mapokezi usiseme "Mama ana homa" ukakaa kwenye benchi. Sema: "Mama anatumia kemo, dripu ya mwisho ilikuwa tarehe fulani, ana homa, na aliwahi kupata maambukizi kwenye damu." Uwe na kadi yake mkononi. Malaria ipimwe, ndiyo, na ikikutwa itibiwe, lakini isiwe sababu ya kurudishwa nyumbani na mseto bila damu kuangaliwa.

Kuna wakati homa haipandi kabisa. Dawa za jamii ya steroidi, ambazo wagonjwa wa kemo hupewa mara nyingi kuzuia kutapika, zinaweza kuificha. Kutetemeka, kuhema haraka, kuchanganyikiwa, kulegea ghafla, yote hayo yahesabiwe kama homa. Usitafute usaha pia. Usaha kwa sehemu kubwa hutokana na nyutrofili zilizokufa vitani. Zisipokuwepo, jipu linaweza kuwa wekundu kidogo tu na maumivu, kidonda kikaonekana kikavu, na hali ndani ni mbaya.

Wapo wasomaji wetu wanaouguza kama wewe, basi niongeze haya. Mgonjwa wa kemo asipigwe chuku, kwa sababu ngozi inakatwa wakati hakuna mlinzi, na huenda hata damu isigande vizuri. Kama mnamsomea na kumnywesha kombe, someni, lakini sahani iwe imeoshwa vyema na maji yawe yamechemshwa yakapoa. Maziwa yachemshwe. Dawa za miti shamba zitajwe kliniki kabla ya kunywewa, hata ikiwa aliyezitoa ni mtu mnayemheshimu sana. Asipewe dawa za kuweka njia ya haja kubwa, wala asipimwe joto huko. Mswaki uwe laini.

Sasa mama mkubwa. Umeandika kwamba hukumwita muuaji, lakini pia hukumkatalia. Sentensi hiyo imenikaa. Nikuulize kwa upole: mliporudi Dar na dripu ya kwanza, maelezo ya homa alipewa nani? Je, mama mkubwa, anayeshinda na mgonjwa wewe ukiwa kazini, aliwahi kuambiwa na mtu yeyote kwamba homa hii si ile tuliyokua nayo? Naona mwanamke aliyemkuta mdogo wake anatetemeka akamfanyia alichofanyiwa yeye na mama yao, na pengine anajua vizuri kuliko wewe mambo yalikaribia kufika wapi. Muuguzaji mmoja hatoshi kwa kazi uliyonayo. Ikiwa homa itakuja Jumanne saa nne asubuhi na wewe uko kazini, ni nani atakayekuwa karibu? Umemfukuza mtu wa nyumba ya tatu ambaye angeweza kuwa ndiye mwenye kipimajoto. Huenda bado hujawa tayari kumsamehe, na sikulazimishi. Lakini unaweza kumfundisha kabla hujamsamehe, na namba ya dereva wa bajaji anayefika usiku akawa nayo na yeye.

Tuje kwenye harusi. Kila njia mliyoitaja ina kitu ndani yake, nitazipita ulizonipa, na moja hukunipa.

Mjomba anataka dripu isogezwe wiki moja. Piga hesabu kama ulivyozoea: ikisogea wiki moja, harusi inakuwa siku ya tatu baada ya dripu. Kwa kawaida chembe siku hiyo hazijashuka bado, kwa hiyo kwa upande wa maambukizi hajakosea. Lakini Mama atakuwa ametoka Dar juzi, kichefuchefu na uchovu vimemjaa, na harufu ya pilau huenda akaikimbia. Kumweka mbali na dripu kabisa mpaka harusi ipite ni kuchelewa karibu wiki mbili. Na hapo kauli ya kwamba saratani haikimbii ndiyo siwezi kuipitisha. Dawa hizi hupangwa kwa nafasi maalumu kwa sababu zinasaidia zaidi zikifuatana kwa wakati. Siku chache daktari anaweza kuona si tatizo, wiki mbili anaweza kukataa. Ni yeye anayeujua uvimbe uliokuwapo, na mjomba hana namna ya kuujua. Nisichokushauri ni kusogeza kimyakimya kwa kisingizio cha nauli.

Mumeo anataka ahamie Raskazone. Atakuwa mbali na msongamano, nalo ni jambo la maana siku ya kumi. Lakini bakteria wake wa tumboni watakwenda naye, na akipata homa wakati nyumba nzima iko kwenye ngoma, nani atamuona? Huko akiwekwa, awe na mtu wa kumtazama, simu isiyozimwa na gari lililoandaliwa. Kisha kuna lile la kumtazama mwanawe anavishwa kupitia kioo cha simu, akiwa mjini humohumo. Wapo wazazi ambao hilo lingewatosha. Sijui kama Mama yako ni mmoja wao.

Mdogo wako anataka kuvunja shughuli. Anasema kwa uchungu, nami naona katika uchungu huo kuna wazo. Nikahi si shughuli. Nikahi inaweza kuwa ndogo, na shughuli ikahamishiwa uani kwa ndugu mwingine au kwenye ukumbi, nyumbani kwa Mama kukabaki kimya. Bibi harusi akaja kwake kuagwa, asubuhi, kabla umati haujafika. Hasara yake ni gharama ya ukumbi, manung'uniko, na Mama kusikia kwamba harusi imehamishwa kwa sababu yake, jambo ambalo huenda likamuuma kuliko unavyodhani.

Njia ambayo hukunipa ni Mama kuwepo kwa saa moja au mbili kwa masharti yake. Anakaa barazani au uani penye hewa, kivulini, si ndani ya chumba kilichojaa wanawake hamsini na madirisha yamefungwa. Amevaa barakoa. Anasalimiwa kwa mkono kifuani, bila kupeana mikono wala kubusiana, na mama mkubwa, mwenye sauti kwenye ukoo, ndiye anayeitangaza amri hiyo, maana ikitoka kwako itaitwa jela. Chakula chake kinapakuliwa cha kwanza, cha moto, kabla sufuria la pilau halijakaa masaa kwenye joto, na kachumbari haimuhusu. Damu yake imepimwa siku moja kabla, na chembe zikiwa chini sana kuna makubaliano ya tangu mwanzo kwamba mpango unabadilika. Hatari haiishi. Mwenye mafua atakuja na kusema ni vumbi la njiani, kwa sababu anataka kumuona Mama. Watoto watamrukia. Na saa moja ikinoga hugeuka saa nne. Mwenye kuchagua njia hii achague huku anayajua hayo.

Nimesema kuna jambo hukuliuliza. Katika barua yako nimemsikia mjomba anataka nini, mumeo, mdogo wako, mama mkubwa, jirani, na wewe. Mama nimemsikia mara moja tu, tena pale ulipomwambia uamuzi unaoufikiria, na akajibu kwa maneno manne. Hukumwuliza. Najua kwa nini. Ulishamuona akiweweseka, na mtu aliyeona hivyo haombi ruhusa tena, analinda. Lakini yeye hajapoteza akili, kilichoshuka ni chembe zake za damu. Je, anajua kwamba siku ya kumi ina hatari kuliko ya ishirini? Amewahi kuelezwa na mtu kwa lugha yake ni nini hasa kilichomtokea usiku ule? Huenda akijua yote atasema, "Mwanangu, nipelekeni Raskazone, nitapiga simu." Huenda atasema anataka saa moja uani na yuko radhi na lolote litakalofuata. Huenda anataka tu mjukuu wake arudi kutoka Pongwe, na harusi kwake si jambo kubwa kama mnavyolifanya. Nawe una haki ya kumwambia kinachokutisha. Mwambie ulivyoniambia mimi, kwamba hujui hilo utalibeba vipi. Mama anayeambiwa hivyo na bintiye huwa hageukii ukutani.

Mkizungumza na akaamua jambo ambalo wewe usingelichagua, usijichukulie kwamba litakalotokea baada yake limetoka mkononi mwako. Homa ya kemo huwapata hata waliofungiwa vizuri, na wengi hupona kwa sababu walifikishwa mapema.

Kabla ya Jumatano ya dripu mnayo nafasi ya kupiga simu kliniki, au mkafika Dar siku moja mapema. Mama awe amekaa kwenye kiti mbele ya daktari, wewe pembeni yake, na maswali yaandikwe kwenye karatasi. Chembe zake zilifika ngapi baada ya dripu ya tatu? Sindano za tumboni zitarudiwa, na nani atazichoma Tanga, na zitahifadhiwaje kwenye ubaridi njiani? Dripu inaweza kusogea siku ngapi bila kudhuru matibabu? Picha ya damu ipimwe lini kabla ya ile Jumamosi, na majibu atumiwe nani? Zikiwa chini, anaruhusu nini na anakataa nini? Na homa ikija usiku wa harusi, tupige namba ipi? Muombe aandike kwenye kadi kwamba mgonjwa huyu akija na homa aanzishiwe antibayotiki mara moja, ili yeyote atakayekuwa zamu Bombo usiku huo aione.

Karatasi hiyo itoeni nakala mbili, moja apewe mama mkubwa.